Visanduku vitatu

Mzee alikuja Jumanne saa kumi jioni, saa ambayo Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapa Kampala, huwa haisikii wala haioni. Mashine za kuchapa zinapiga huko chini, gilotini zinakata, vijana wanapita na marobota ya karatasi vichwani, na madalali wa kadi za harusi wanawavuta wateja kwa mikono. Alipanda ngazi hadi ghorofa ya pili tunakokaa sisi wapanga kurasa, akasimama mlangoni mpaka nilipomwambia karibu. Alipoketi alitoa leso mfukoni, akaifungua taratibu juu ya magoti. Ndani mlikuwa na flashi.

"Binti yangu," akasema, "nimeambiwa wewe unahangaika na herufi za watu."

Kiswahili chake kilikuwa cha Nairobi, cha Eastleigh, alikoishi miaka mingi kabla ya kuhamia Kampala. Yeye ni Mweritrea. Siku hizi anakaa Kabalagala, karibu na mkahawa wa injera wa shemeji yake. Mama yake mzazi alikuwa amefariki Asmara wiki tatu nyuma, naye hakuweza kwenda kumzika. Kwao, siku ya arobaini hufanywa tezkar: kasisi anasoma, watu wanalishwa, marehemu anaombewa. Alitaka siku hiyo kila mgeni aondoke na kijitabu. Zilikuwa zimebaki siku 19.

Maneno ya kijitabu yalikuwapo tayari. Kaka yake mkubwa, ambaye naye ni marehemu, aliyaandika akiwa Khartoum miaka ya 1990: maisha ya mama yao kama alivyoyasimulia mwenyewe kwenye kaseti, kwa Kitigrinya, kurasa 31. Faili ilianzia kwenye disketi, ikahamia CD, ikaishia kwenye flashi ile. Kaseti zenyewe zilipotea njiani. Duka la kwanza alilopita lilimshauri atafute mtu aandike upya, na yeye akawauliza aandike upya kutoka wapi.

Nikafungua. Kioo kikajaa alama za pauni, herufi e zenye kofia, mabano yaliyofunguliwa na hayakufungwa, alama za kuuliza zilizopinduka kichwa chini, na kati yake visanduku vyeupe, kimoja kimoja, viwili viwili, vitatu vitatu. Herufi ya Kitigrinya haikuwamo hata moja.

Mzee aliinama, akatazama kwa muda mrefu. "Kaka yangu aliandika vizuri," akasema. "Niliona kwa macho yangu."

Nilimwamini. Kisanduku cha namna ile kiliwahi kuniumiza na mimi.

Mimi ni mtoto wa kambi ya polisi, Nsambya. Baba alikuwa Mlugbara wa Arua, mama Mtoro wa Fort Portal, na lugha waliyokutana nayo ni Kiswahili, kwa hiyo ndiyo niliyoinyonya. Kiluganda nilikiokota barabarani na shuleni. Mwaka wangu wa kwanza hapa Nasser Road nilipewa kupanga kadi za mkutano wa ukoo wa Ŋŋaali, ukoo wa korongo yule mwenye taji aliye kwenye bendera yetu. Herufi ŋ imo katika tahajia sanifu ya Kiluganda tangu 1947. Lakini fonti niliyoichagua, ya mapambo, nzuri sana kwa macho, haikuwa nayo. Kwenye kompyuta yangu programu iliiazima herufi hiyo kutoka fonti nyingine nikaona mambo sawa. Kwenye mashine ya kutoa pleti za kuchapia haikuazima kitu. Kadi 300 zikatoka na visanduku mwanzoni mwa jina la ukoo. Mzee wa ukoo alipokuja kuzichukua alishika moja, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akaniuliza kwa upole, "Mwana wange, huyu ni nani?"

Nilizichapa upya kwa gharama yangu, na swali lile nimebaki nalo. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za herufi kama wengine wanavyofuatilia mpira.

Kwa wasiokaa na kazi hii, nieleze kidogo. Kompyuta haina herufi ndani yake, ina namba. Ukiandika A kubwa inaweka 65, ukiandika B inaweka 66, na fonti ndiyo inayochora umbo la namba hiyo kwenye kioo. Orodha ya Wamarekani iliyoanza mwaka 1963, ASCII, ilikuwa na nafasi 128. Kiswahili kiliingia humo chote bila kubisha hodi, kwa sababu herufi tunazoandikia ndizo wanazoandikia Waingereza. Hata ng' yetu imetosheka na kiritifaa. Hatukuwahi kumwomba mtu nafasi, na nadhani ndiyo sababu wengi wetu hatujui kwamba nafasi huombwa. Baadaye orodha ziliongezwa zikafika nafasi 256, Wafaransa na Wajerumani wakapata herufi zao zenye kofia na nukta.

Sasa lete fideli, maandishi ya Ge'ez. Haya ni maandishi ya ufalme wa kale wa Aksum. Irabu zake ziliunganishwa na konsonanti karibu na karne ya 4, enzi za mfalme Ezana, na hadi leo ndiyo yanayoandika Kiamhari, Kitigrinya na Ge'ez yenyewe ya kanisani. Kila umbo ni silabi nzima. Yeyote aliyesoma darasa la kwanza kwa Kiswahili anaijua mantiki yake, maana tuliiimba: ba be bi bo bu, cha che chi cho chu. Tofauti ni kwamba sisi tuliimba silabi tukaandika herufi mbili mbili au tatu tatu. Wao ba ni umbo moja, በ. Bu ni umbo lile lile lililochomekwa kijiti ubavuni, ቡ. Bi, kijiti kinashuka mguuni, ቢ. Irabu ni saba, konsonanti thelathini na kitu. Ongeza silabi za aina ya kwa na gwa, ongeza tarakimu na vituo, zinapita 300. Nafasi 256 hazitoshi, na hata hizo 256 baadhi yake zimeshikwa na amri za mashine.

Watu wa miaka ya 1980 na 1990 hawakukaa wakisubiri. Walitengeneza vinyago. Walichukua nafasi ya alama ya pauni, wakachora juu yake silabi ya Ge'ez. Nafasi ya e yenye kofia, silabi nyingine. Nafasi zilipokwisha wakatengeneza fonti ya pili, na aliyeandika alikuwa akiruka kutoka fonti hii hadi ile katikati ya neno. Wengine walikata silabi vipande, kiwiliwili kwenye nafasi moja na kijiti cha irabu kwenye nyingine. Kwenye kioo na kwenye karatasi ilikuwa Ge'ez safi kabisa, watu wakachapa magazeti na vitabu vya sala. Ila ndani ya faili ilibaki pauni na e yenye kofia. Na kila mtengenezaji alikuwa na mpangilio wake, kwa hiyo faili ya fonti ya huyu, ukiivika fonti ya yule, inasoma upuuzi. Ukiivua fonti kabisa, ndiyo niliyoiona mimi Jumanne ile.

Sitawalaumu watengenezaji wa vinyago. Kaka wa mzee asingeandika neno hata moja bila wao.

Kilichobadilisha mambo ni mwaka 1999, toleo la 3.0 la Unicode, orodha moja ya namba kwa maandishi ya dunia nzima, lilipoipa kila silabi ya Ge'ez namba yake yenyewe, isiyoazimwa kwa mtu. Ha ipo kwenye namba 1200, kwa hesabu ya kompyuta inayohesabu kwa kumi na sita, ambapo baada ya 9 huja A hadi F. Hu ni 1201, hi ni 1202, hivyo hivyo hadi ho, 1206. Familia ya l inaanza 1208. Karibu kila konsonanti imetengewa nafasi nane, saba za irabu na ya nane kwa silabi za aina ya lwa, kwa hiyo ukijua namba ya mwanzo wa familia unahesabu tu vidole kuifikia irabu unayoitaka. Nilipoliona jedwali hilo kwa mara ya kwanza, nilisogeza kiti nyuma nikacheka kwa furaha peke yangu. Lilikuwa ba be bi bo bu ya ukutani kwetu, imewekwa ndani ya mashine. Andika ሰላም: 1230, 120B, 121D. Namba tatu, silabi tatu. Sa-la-mu.

Kazi yetu basi ilikuwa kuvivua vinyago vya kaka mmoja baada ya mwingine na kukipa kila kilichokuwa nyuma yake namba yake ya haki. Tatizo ni kwamba fonti zenyewe hazikuwapo. Mtu fulani, katika kuhamisha, alikuwa ameihifadhi faili kama maandishi matupu, jina la fonti likapotea. Na kwa kuwa fonti zilikuwa mbili, kila namba ingeweza kuwa silabi hii au ile.

Nina programu ndogo inayofungua faili na kuonyesha namba tupu. Nilimwonyesha mzee kwamba namba hazikuharibika. Visanduku vinafanana machoni, lakini chini yake kimoja ni 130, kingine 141, kingine 154. Akaniuliza kama ni kweli maneno ya kaka yake bado yamo humo. Nikamwambia yamo. Akaikunja leso, akairudisha mfukoni.

Tulifanya kazi usiku, Kabalagala, meza ya nyuma ya mkahawa, mimi na kompyuta yangu na kaunta buku iliyopigwa mistari, yeye na miwani yake. Shemeji yake alituletea kahawa kwa utaratibu wao: awel, kisha kalai, kisha bereka, ile ya tatu ambayo ni ya baraka na huondoki kabla yake. Nilikuja kuielewa saa ya kazi kwa vikombe.

Fununu ya kwanza ilikuwa kituo. Ge'ez humaliza sentensi kwa nukta nne, ።, na watu wa fonti za zamani waliziandika kwa kubonyeza nukta pacha mara mbili. Nukta hizo zilikuwa zimejaa kila mahali, kwa hiyo angalau tulijua sentensi zinaishia wapi. Fununu ya pili ni mzee aliyeitoa. Nilimuuliza, "Kaka yako angeanza vipi?" Akaniangalia kama nimeuliza jua linachomoza wapi. Mkristo wa kwao akiandika jambo la maana huanza kwa Ge'ez ya kanisani: besme ab, wewelid, wemenfes qidus. Kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu.

በስመ አብ ወወልድ ወመንፈስ ቅዱስ። Alama 17. Silabi ya pili inarudi ya 14 na ya 17. Ya tatu inarudi ya 11. Ya 6 na ya 7 ni moja, na inarudi tena ya 10. Nilihesabu namba za mwanzo wa faili kwa ncha ya kalamu, sauti yangu ikitetemeka: ya pili, ya 14, ya 17, namba ile ile. Ya 6, ya 7, ya 10, namba ile ile. Mzee alikuwa ameshika ukingo wa meza. Sala ile moja ilitupa silabi 12 kwa mkupuo, nazo zikatufungulia maneno nusu nusu, na mzee akawa anasoma kama mtu anayepitisha mkono gizani ukutani mwa nyumba aliyozaliwa. Penye namba yenye maana mbili nilisoma zote mbili kwa sauti, vibaya nadhani, naye akachagua kwa sikio. Mara nyingi hakungoja nimalize.

Usiku wa pili tulilifikia neno lililojirudia kuliko mengine yote. ኣደይ, adey, mama yangu. Na mara nyingi baada ya adey vilifuata visanduku vitatu, vile vile vitatu: 130, 141, 154. Mzee aliweka miwani mezani. Hakuhitaji jedwali. Jina la mama yake sitaliandika hapa, ni la nyumba yao. Lina silabi tatu, ya kwanza ni ya familia ya s. Katika fonti ile silabi zote tatu zilikuwa zimeangukia zile nafasi za juu ambazo kompyuta nyingine hazina umbo la kuchora, ndiyo maana kila mahali alipotajwa palikuwa na visanduku. Kwa kurasa 31 alikuwa mtu asiye na jina katika hadithi yake mwenyewe.

Siku zile nilikuwa nikirudi nyumbani na bodaboda saa sita usiku na usingizi haupo, nikawa nasoma habari za maandishi mengine ya silabi ya Afrika, jinsi yalivyopata namba. Namba hazikuja zenyewe. Lazima mtu aandike ombi, aorodheshe kila alama, aonyeshe karatasi halisi ilikoandikwa, aeleze inasomwa kuelekea wapi, apambanue ipi ni herufi na ipi ni mwandiko tu wa mtu. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kina mradi wa kazi hiyo tangu 2002, ulioanzishwa na Deborah Anderson. Maandishi ya Kivai ya Liberia, ambayo Momolu Duwalu Bukele aliyaanzisha karibu 1833, yaliombewa na Michael Everson, José Rivera na Charles Riley, mkutubi wa lugha za Kiafrika wa Yale. Yakaingia 2008, alama 300. Na humo, kilichonikalisha kitako kitandani, mna silabi kadhaa zinazobeba jina la Ndole, kwa sababu zimetoka katika Kitabu cha Ndole, mojawapo ya maandishi ya kale zaidi ya Kivai. Kitabu kimoja cha zamani kilitosha kuziombea.

Kimende cha Sierra Leone kinaandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, na jina la maandishi yake, Kikakui, ni silabi zake za kwanza tu: ki, ka, ku. Kilipata namba zake mwaka 2014. Ukiitwa jina hilo ni kama sisi tungeviita vitabu vyetu vya darasa la kwanza Babebi.

Lakini aliyenishika moyo ni Njoya. Sultani Ibrahim Njoya wa Foumban, Kamerun, alikuwa bado kijana karibu 1896 alipoota ndoto: achore mkono kwenye ubao, aoshe mchoro, anywe yale maji. Alipoamka akawaomba watu wake wachore vitu na kuvipa majina, akakusanya alama zaidi ya 500. Kisha akaanza kuzipunguza. Mara baada ya mara, hatua baada ya hatua, michoro ikageuka silabi, hadi karibu 1910 akabaki na 80, zinazoitwa A ka u ku, tena kwa silabi zake nne za kwanza. Aliandikia historia ya watu wake, dawa, hesabu za ikulu, akafungua shule. Wafaransa wakamnyang'anya madaraka, 1931 wakamhamishia Yaoundé, akafia uhamishoni 1933. Mwaka 2009 maandishi yake ya mwisho yalipewa namba 88, pamoja na vituo vyake. Hapo ningedhani kazi imekwisha. Haikuwa. Mwaka uliofuata ziliongezwa 569, za hatua zote za kabla, A hadi F, zile alama ambazo sultani mwenyewe alishaziacha. Aliyekaa akazihesabu alijua kwamba karatasi za mwaka wa kwanza wa Njoya zinahitaji kusomeka kama za mwisho. Nilipomsimulia mzee akasema, "Huyo aliyeomba ana mama."

Na namba ikishatolewa haiondolewi. Hiyo ni sheria yao, hata kukiwa na kosa. Kuna alama moja ya mabano ambayo jina lake rasmi la Kiingereza liliingizwa na herufi mbili zimepishana, brakcet badala ya bracket, na itabaki hivyo siku zote. Wameandika tu pembeni jina sahihi. Kwa mpanga kurasa kama mimi, niliyezoea kufuta makosa, ilinichukua muda kulikubali hilo. Ila naielewa: ukihamisha namba moja, kila barua iliyokwisha kuandikwa kwayo inageuka visanduku.

Wapo ambao bado wako nje. Wakpelle na Waloma wa Liberia na Guinea wana maandishi yao ya silabi ya miaka ya 1930, na hadi ninapoandika hawajapata namba. Aliye na barua ya babu kwa Kikpelle anaweza kuipiga picha. Kutafuta neno ndani yake, kuinakili, kumtumia ndugu aisome kwenye simu, hawezi. Hilo linaniuma kweli, na kama kuna msomaji mwenye karatasi za aina hiyo sandukuni, naomba azitunze mbali na mchwa na mvua, maana ushahidi wa ombi huwa ni karatasi kama hizo.

Namba pekee nazo hazitoshi. Ge'ez ilipata zake 1999, ila kompyuta nyingi za Windows zilisubiri hadi 2007 kuja na fonti yake, Nyala, na simu za bei rahisi zilichelewa zaidi. Visanduku vile vyeupe wenyewe huviita tofu, kile chakula cha soya kinachokatwa vipande, na Google na Monotype walipotoa fonti zao za lugha nyingi mwaka 2016 waliziita Noto, kwamba pasiwe na tofu tena. Ndizo nilizotumia kwa kijitabu cha mzee, baada ya kujaribu tatu. Niliyoichagua ilikuwa na miguu imara ambayo ingestahimili karatasi yetu ya gramu 80 bila wino kusambaa.

Siku ya 12 jedwali lilikamilika. Niliandika maelekezo mafupi, programu ikapita faili nzima ikibadilisha namba za vinyago kuwa namba za haki, na penye utata ikaweka alama nyekundu. Kulikuwa na alama 211. Tulizipitia moja moja. Kisha nikachapa nakala ya kusahihisha, mzee akaenda nayo nyumbani na penseli.

Alirudi baada ya siku mbili, amenyoa, amevaa koti. Alikuwa amesahihisha mahali pengi, makosa mengine yangu, mengine ya kusikia kwake mwenyewe. Na pembezoni mwa kila ukurasa alikuwa ameweka vijistari vidogo. Nikamuuliza ni vya nini. "Nilikuwa namhesabu," akasema. Vijistari 42.

Nikamwambia asogee. Nikamwonyesha sehemu ya kutafuta, nikamwekea kibodi ya Kitigrinya, nikampa kiti changu. Alibonyeza silabi tatu kwa kidole kimoja. Kompyuta ikamletea mama yake, ukurasa wa kwanza, mstari wa tano, umepakwa njano. Akabonyeza mshale. Wa pili. Akasoma sentensi nzima kwa sauti ya chini, kisha mshale. Chini mashine ya mtu ilikuwa ikipiga mabango, na kijana wa gilotini alikuja kuniuliza jambo nikamwashiria asubiri. Sikujua sentensi zile zinasema nini. Nilijua tu kila moja inapofika kwenye jina.

Zilikuwa 41.

Mzee akahesabu vijistari vyake tena. Tukatafuta kwa macho, ukurasa kwa ukurasa, tukaukuta ukurasa wa 27. Katika faili ya zamani mahali pale hapakuwa na visanduku vitatu. Palikuwa na viwili, na mbele yake ile e yenye kofia. Fideli ina s mbili, ሰ na ሠ, zinazotamkwa sawa. Ya pili ni ya vitabu vya kanisani. Kaka, aliyefundishwa kusoma na mapadri, mara hiyo moja alikuwa ameandika jina la mama yake kwa s ya kanisani. Kompyuta ilikuwa sawa kutoihesabu. Kwake hizo ni silabi mbili tofauti, 1230 na 1220.

"Nibadilishe zilingane?" nikauliza. Kidole changu kilikuwa tayari kwenye kibodi.

Mzee alikuwa anasoma ukurasa ule wa 27 kuanzia juu. Alipofika chini alivua miwani.

"Hapa mama anasimulia siku baba yetu alipokufa," akasema. "Acha alivyoandika kaka."

Nikaacha. Tulichapa nakala 150, kurasa 36 pamoja na picha yake, jalada jeupe, siku mbili kabla ya arobaini.